Nukta nyeupe si lazima iwe ncha ya sindano

Altrasaundi imerahisisha sana uwekaji wa katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye vena kubwa ya shingo, mshipa unaorudisha damu moyoni. Lakini haimzuii mtu kutoboa ateri, mshipa wa jirani unaotoa damu moyoni. Inamwonyesha tu, na kutazama ni juu yake.

Mimi huanza kabla ya kunawa. Mgonjwa akiwa amelala kichwa kikiwa chini kidogo, kama pumzi inamruhusu, naweka proba, kile kifaa cha altrasaundi cha kushika mkononi, shingoni na kubonyeza taratibu. Vena inalala bapa, ateri inabaki duara ikidunda. Napanda na kushuka nikitafuta mahali vena ilipo kando ya ateri, si juu yake. Ukikigeuza kichwa sana upande wa pili mishipa hiyo hupandana, kwa hiyo kigeuze kidogo tu. Vena ikigoma kubonyea, shuku damu iliyoganda uhamie kwingine.

Usafi mnaujua: kofia, barakoa, gauni, glavu, shuka ya kumfunika mgonjwa mwili mzima, klorheksidini iachwe ikauke yenyewe. Proba ivalishwe mfuko uliotakaswa, na jeli ya juu ya mfuko iwe iliyotakaswa pia. Hiyo jeli ndiyo watu huisahau.

Sasa sindano. Ukiutazama mshipa kwa mkato wa kukingama, nukta nyeupe kwenye skrini inaweza kuwa ncha, au ikawa shina la sindano huku ncha imeshatoboa ukuta wa nyuma wa vena. Ninachofanya ni kusogeza proba mbele kidogo mpaka nukta ipotee, kisha nasukuma sindano mpaka nukta irudi, halafu proba tena. Mikono inakwenda kwa zamu. Nisipoiona nukta, sindano haisogei hata kidogo, hata anayesimama pembeni akihimiza vipi.

Damu ikija, usiihukumu kwa rangi. Kwa mgonjwa mwenye oksijeni kidogo na presha iliyoshuka, damu ya ateri inaweza kuwa nyeusi na isifoke. Pitisha ndani ya sindano waya wa kuongozea katheta, bila nguvu, huku ukitazama monita ya moyo. Mapigo yakianza kurukaruka, urudishe nyuma kidogo. Kabla hujatia kipanuzi, kifaa cha kupanua tundu ili katheta ipite, rudisha proba uufuate waya ndani ya vena, kwa kukingama na kwa urefu, hadi karibu na mtulinga. Hatua hii siiruki hata kwa dharura. Tundu la sindano kwenye ateri mara nyingi hutulia kwa kukandamizwa. Lililopanuliwa ni habari nyingine. Katheta ikishaingia ateri, usiichomoe. Iache hapo umwite daktari wa upasuaji wa mishipa.

Waya usiuachie mpaka utoke wote. Kila njia ya katheta ivute damu vizuri, kisha isukumwe maji ya chumvi. Eksirei itaonyesha ncha ya katheta imekaa wapi. Pafu mimi hulikagua palepale kitandani kwa proba, kuona kama bado linateleza, yaani sindano haijalitoboa.