Jibu: Maiki ya podikasti na vikao vya Zoom, nichukue kondensa au dainamiki?

Mkuu umesema chumba kipo Ngamiani hapo Tanga, juu bati, feni inazunguka na bodaboda zinapita dirishani, basi hapo chukua dainamiki tu, aina ya maiki isiyodaka sana sauti za mbali. Kondensa, ile aina nyingine, sauti yake tamu ila inadaka kila kitu, mi nilimrekodi bibi mmoja Chumbageni anasimulia mambo ya zamani, saa nzima, mvua ikashuka kwenye bati na kondensa ikameza yote, maneno ya bibi huyasikii, iliniuma sana aisee maana kumrudia mtu mzima asimulie upya haitoki vilevile.

Dainamiki ya Samson Q2U inakutosha, unachomeka USB kwenye laptopu unaingia kikaoni, na ina XLR pia, tundu la waya wa maiki za kitaalamu, siku ukinunua mixa. Dainamiki nyingine, Shure SM58, ipo tangu 1966 na ni ngumu kweli, ila yenyewe inataka intafesi, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na laptopu, kwahiyo bei inapanda, na feki zake ni nyingi kuwa makini.

Halafu watu wengi wanakosea hapa, dainamiki ukikaa nayo mbali inatoa sauti nyembamba, ukiongeza geini, yaani ukuzaji wa sauti ya maiki, ndo makelele yanaingia. Isogeze, vidole vinne toka mdomoni, iwe pembeni kidogo isipigwe na pumzi, ivishe sponji, kisha sema "papa na pweza" huku unajisikiliza kwa hedifoni uliyochomeka kwenye maiki yenyewe. Ukisikia puu puu geuza kidogo tena. Na hilo feni lizime wakati wa kurekodi, joto la Tanga utavumilia nusu saa.