Jibu: Picha za usiku Nane Nane, taa zinatoka nyeupe tupu

Mkuu, umeuliza kwa nini picha zako za usiku pale Nyamhongolo, kwenye viwanja vya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, taa zinatoka nyeupe tupu na bembea inakuwa ukungu. Kwanza zima flashi. Mwanga wake haufiki mbali, unaishia kumulika vumbi lililo mbele yako.

Halafu wahi. Mwanza tuko karibu na ikweta, giza huingia haraka. Jua likizama, karibu saa moja jioni, una kama dakika 20 tu anga likiwa bado la buluu, na hapo ndipo taa na anga vinapolingana. Ukisubiri saa tatu utapata taa na weusi mtupu.

Kwa bembea ya kuzunguka, stendi ya kamera ni lazima. Weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi f/11 (namba ikipanda, tundu linapungua), shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, sekunde 2 hadi 4, na utumie taima ili kidole kisitikise kamera. Taa zitajichora duara zenyewe. Zikiendelea kutoka nyeupe tupu, nenda f/16. Huna stendi? Kalisha kamera juu ya kreti la soda. Nimefanya hivyo mara nyingi na picha zile nazipenda mpaka leo.

Watu ni habari nyingine. Mama anayekaanga sato, mwombe kwanza. Kisha panda ISO 3200, fungua tundu la lenzi lote, shata sekunde 1/125, na simama upande ambao taa ya kibanda inamwangukia usoni. Moshi ukipita kwenye ile taa, bonyeza.