Mashine ya CNC ya kuchongea, kalamu ya kunyonya, na dai la milimita 0.01

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Wete, Pemba. Natengeneza bodi za kuendeshea taa za sola za wavuvi wa dagaa, kiasi cha bodi 60 kwa mwezi, na kila bodi ina vipuri 40 vya kubandikwa juu, vingi vyao vya ukubwa mdogo uitwao 0603, pamoja na chipu moja ambayo miguu yake imeachana kwa milimita 0.5. Ninayo mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, aina ya 3018, ninayochongea bodi za majaribio. Muuzaji mmoja ananiambia nitoe mota ya kuchongea, nifunge kalamu ya kunyonya, inayonyanyua kipuri kwa hewa, na pampu anayouza yeye, na mashine itapanga vipuri kwa usahihi wa milimita 0.01 bila ya kuhitaji kamera. Je, ni kweli?

JIBU: Wa alaykum salaam, fundi. Mashine yako inaweza kugeuzwa ikapanga vipuri, na wapo waliofanya hivyo wakafanikiwa. Hiyo habari ya milimita 0.01 bila ya kamera si kweli. Dai hilo naletewa karibu kila ninapoulizwa juu ya mashine hizi, kwa hivyo sitotumia nafasi kueleza pampu, vali na mipira ya hewa, ambayo fundi kama wewe ataifunga bila ya msaada wangu.

Tuanze na asili ya hiyo namba. Katika mashine nyingi za aina yako, skrubu husogeza meza milimita 4 kwa kila mzunguko, mota ina hatua 200 kwa mzunguko, na kiendeshi chake huigawa kila hatua mara 16. Ukipiga hesabu unapata hatua 800 kwa milimita moja, yaani kila hatua ni milimita 0.00125, na hapo ndipo muuzaji anapopata ujasiri wa kutangaza 0.01. Lakini hesabu hiyo inakwambia udogo wa mwendo unaoweza kuuamuru, haikwambii ncha ya kalamu itasimama wapi. Nati ya shaba ikiwa na mlegeo kwenye skrubu, na katika mashine za bei nafuu mlegeo wa milimita 0.1 si jambo la ajabu, basi ukifika mahali kutoka kushoto na ukafika hapo hapo kutoka kulia umesimama sehemu mbili tofauti. Futi ya fundi cherehani iliyovutika haiwi sahihi kwa sababu tu mistari yake ni myembamba.

Hata hivyo, mlegeo si kosa kubwa kuliko yote, maana programu inaweza kuufidia kwa kuifanya kalamu ifikie kila sehemu kutoka upande mmoja. Kosa kubwa ni kudhani kwamba mashine inayochonga vizuri itapanga vizuri. Unapochonga, kisu ndicho kinachoamua njia ya shaba iwe wapi. Ukifunga bodi imekwenda upande kidogo, njia zote zinakwenda upande kwa pamoja na bodi inafanya kazi, wala hutojua kama palikuwa na kasoro. Unapopanga vipuri, shaba imeshachongwa au imeshachapwa, na mashine inapaswa kuifuata mahali ilipo. Hapo yapo mambo matatu ambayo haiyajui hata kidogo: bodi imekaa wapi na imekwenda upande kwa pembe gani, kipuri kimekaaje ndani ya kishimo cha utepe kinaouzwa nao, ambacho hufanywa kikubwa kuliko kipuri chenyewe, na baada ya kunyonywa kimeshikwa katikati au pembeni. Skrubu hata ingekuwa ya dhahabu isingeweza kujibu lolote katika hayo.

Ndiyo maana kamera hazikwepeki. Moja hufungwa kichwani ikitazama chini, ikasoma alama za shaba za duara, za milimita 1, ulizoziweka kwenye pembe za bodi. Ya pili hukaa mezani ikitazama juu, ikapima kipuri kilivyoning'inia kabla ya kuwekwa. Rezista ya 0603 ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa 0.8, na ikikosea kidogo lehemu iliyoyeyuka huivuta mahali pake. Chipu yako haisamehe hivyo. Chipu yenye upana wa milimita 10 ikizunguka kwa nyuzi 1 tu, mguu wa pembeni unahama kwa karibu milimita 0.09, ilhali nafasi kutoka mguu hadi mguu ni 0.5. Kwa hivyo unahitaji pia mota ya nne ya kuizungusha kalamu, na kidhibiti kinachoiendesha, kwa sababu programu ya GRBL ya kawaida inayokuja na mashine hizi inahudumia mihimili mitatu ya mwendo tu. Programu huria ya OpenPnP, iliyoanzishwa na Jason von Nieda, huziunganisha kamera na mota hizo. Hakikisha kidhibiti utakachonunua kinaweza kuiarifu kwamba mwendo umekwisha, ama sivyo kamera itapiga picha kichwa kikiwa bado kinatembea.

Lipo na suala la kasi, ambalo wauzaji hawaligusi. Tuseme mashine inakwenda milimita 1,000 kwa dakika. Safari ya milimita 150 hadi kwenye utepe na 150 ya kurudi ni sekunde 18 kwa kipuri kimoja, na bado hujahesabu kushuka na kupanda. Kwa kibano unaipanga rezista kwa sekunde chache. Wanaogeuza mashine kwa makini huziondoa skrubu wakafunga mikanda yenye meno, inayosogeza milimita 40 kwa mzunguko, na hapo hatua inakuwa milimita 0.0125, kubwa mara kumi kuliko ile ya skrubu. Kwa hesabu ya muuzaji wako hiyo ni mashine mbovu zaidi. Kwa kazi ya kupanga vipuri ndiyo iliyo bora.

Kwa mazingira yetu ongeza swichi za mwisho wa mwendo kwenye kila mhimili, kwani umeme ukikatika mashine isiyo na swichi hizo haijui tena iko wapi. Skrubu na reli zipake mafuta mepesi, hewa ya chumvi isizile. Na usiitumie mashine moja kwa kuchonga na kupanga: vumbi la bodi lina chembe za kioo zinazokwangua beringi, na chembe za shaba zikiingia baina ya miguu ya chipu zinaleta shoti.

Kwa kazi yako ya sasa, ushauri wangu ni mwingine kabisa. Bodi 60 zenye vipuri 40 ni vipuri 2,400 kwa mwezi, na ukitumia sekunde 6 kwa kila kimoja ni saa nne za kibano. Nunua stensili nzuri (bamba lenye matundu) ya kupakia lehemu ya uji na darubini ya mezani. Ukitaka kuijua mashine yako kabla ya kutoa fedha, funga kamera ndogo ya USB kichwani, ilenge nukta moja ukifika kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, na upime tofauti.

Ninachokichukia katika biashara hii, na ninakiona Unguja na Pemba, ni vijana kuuziwa namba. Leo ni kalamu ya kunyonya, kesho ni printa, keshokutwa ni oveni ya kuyeyushia lehemu yenye usahihi wa nyuzi moja iliyopimwa pembeni kabisa mwa bodi. Bodi ikitoka na chipu iliyokaa upande, mtu huongeza lehemu ili ishike, taa inawaka mezani, inauzwa, halafu inazimika baharini usiku ikiwa mikononi mwa mvuvi asiyejua nini kimetokea. Mwambie muuzaji wako aipange chipu kama yako kwenye bodi kumi, kila bodi ikitolewa na kufungwa upya, kisha akuoneshe zote chini ya darubini. Akikuletea video ya kichwa kinachotembea tu, usimpe fedha zako.