Kempa na baridi: koki isipotoa pinki, usikimbilie kumwaga antifrizi zaidi

Baridi ikikaribia wenye kempa (zile nyumba za magurudumu za kusafiria) huwa tunaulizana swali lilelile, nimeingiza kwenye mabomba antifrizi, ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda, galoni kwa galoni na bado kuna koki haitoi pinki, nifanyeje? Mi nasema simama kwanza, usifungue galoni nyingine. Kempa ya kawaida, hita ya maji ikiwa imerukwa vizuri dawa isipite ndani yake, inakula kama galoni 2 mpaka 3 hivi, yani lita 8 mpaka 12, ukishapita hapo ujue kuna mahali dawa inapotelea na hata ukimwaga pipa zima haitafika unapotaka. Ile pinki ndo inakuambia maji yamepita wapi na wapi hayajapita, kwa hiyo koki inayogoma inakuonyesha tatizo lilipo, we ifuate tu.

Na tunahangaika hivi kwa sababu maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, yakikosa pa kwenda yanapasua chochote kilichoyabana. Mabomba yenyewe ya PEX, yale ya plastiki inayopinda, yanavumilia kidogo, kinachokufa ni fitingi za plastiki, kichwa cha pampu, valvu ya choo na viungo vya ndani ya shawa, vitu vidogo vilivyojificha nyuma ya mbao ambavyo utavigundua siku unafungua maji tena na sakafu inaloa. Alafu tafadhali sana, antifrizi ni ile ya pinki ya propilini glikoli ya mifumo ya maji, sio ya kwenye rejeta ya gari, ile ya gari ni sumu na haitakiwi kabisa kwenye mabomba ya maji ya kunywa.

Tuanze na pampu maana wengi ndo wanakwama hapa. Umechomeka kampira kwenye galoni, umewasha, pampu inanguruma lakini haivuti kitu. Watu wanadhani pampu imekufa wanaenda kununua nyingine, wakati mara nyingi pampu ni nzima kabisa, inavuta hewa. Angalia kwanza valvu ya kuchagua kati ya tangi na kampira, kama imebaki upande wa tangi na tangi ni tupu basi unavuta hewa ya tangi. Kama iko sawa, nenda kwenye kile kichujio cha plastiki kinachopitisha mwanga mbele ya pampu, chukua tochi umulike huku pampu inazunguka. Ukiona pinki inapita imejaa mapovu madogo madogo yanayokimbilia pampu, hewa inaingia kabla ya hapo au hapohapo kwenye kikombe cha kichujio. Bana kiungo kimoja kimoja kwa vidole, ukibana mahali na mapovu yakapungua umeshapapata. Mimi yangu ilikuwa oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia, ya kikombe cha kichujio, chembe moja tu ya mchanga imekaa chini yake, na cha ajabu upande huo hauvuji hata tone kwa sababu pale pampu inanyonya, haisukumi, kwa hiyo usitegemee kuona maji chini. Nikafuta, nikarudisha, nikakaza kwa mkono (kwa mkono jamani, sio spana, ile plastiki inapasuka) na pampu ikashika palepale.

Sasa hali ya pili, na hii ndo inakula hela: koki za baridi zote pinki safi, za moto zinatoa maji meupe tu hayaishi. Hapo dawa inaingia kwenye tangi la hita. Tangi la galoni 6 ni karibu lita 23, lazima lijae lote ndo uone pinki upande wa moto. Hita inatakiwa iwe imemwagwa maji yake mapema, na kabla ya kuyamwaga unazima umeme na gesi, unaacha ipoe kabisa, unafungua valvu ya presha ndo unafungua kizibo, ukifungua kizibo ikiwa bado na presha na maji ya moto utaungua vibaya. Zile hita zenye fimbo ya anodi (fimbo ya chuma inayolika badala ya tangi) fimbo ndo kizibo chenyewe, ukiitoa itazame, ikiwa imelika imebaki waya nunua nyingine. Zile za tangi la alumini hazina anodi, zina kizibo cha plastiki tu, usiende kuzilazimishia.

Alafu nyuma ya hita ndani kuna valvu za baipasi, zile za kupitisha maji kando bila kuingia kwenye hita. Kama ziko tatu, mbili za kuingia na kutoka kwenye hita zinafungwa, ile ya katikati inafunguliwa. Ukishazigeuza usiamini mkono peke yake, zile za plastiki mkono unaweza ukazunguka vizuri kabisa huku kigololi cha ndani kimevunjika hakijasogea, nimelikuta hili kwenye kempa ya rafiki na tulihangaika sana mpaka tukaitoa valvu yenyewe. Kipimo changu ni rahisi, acha kizibo cha hita wazi huku unasukuma dawa, ukiona pinki inachuruzika nje pale kwenye tundu, baipasi haijafunga. Kama kempa yako ina valvu moja tu ya baipasi basi pale hita inapotolea maji ya moto kuna valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, ikikwama wazi dawa inarudi kinyumenyume kuingia kwenye tangi, na ikikwama imefunga utaona koki za moto zina nguvu ndogo hata wakati wa kiangazi.

Kuna moja inachanganya sana watu. Unafungua baridi, pinki inatokea moto, au zote zinatoka rangi hafifu hafifu. Nenda nje kwenye shawa ya nje. Kama koki zake mbili zimeachwa wazi na kilichofungwa ni kile kitufe cha kichwani tu, maji ya moto na baridi yanachanganyikana pale na kurudi ndani. Na hiyo shawa ya nje ndo inayosahaulika kuliko zote, pitisha pinki pande zote mbili.

Wanaotumia kompresa ya hewa kusukuma maji nje badala ya dawa, sawa tu, ila presha isizidi psi 40 (psi ni kipimo cha presha), na fungua koki moja moja, ukifungua zote hewa inapita njia rahisi na kuacha maji kwengine. Pampu lazima uiwashe kidogo ikiwa kavu, hewa haitoi maji yaliyokaa tumboni mwake. Na hewa haijazi ile mikunjo ya bomba chini ya sinki na shawa, hapo bado utamwaga kikombe cha pinki kila tundu, na nyingine kidogo kwenye choo, ibaki juu ya mpira wake usikauke.

Ukimaliza koki zote zimefungwa na pampu bado inajiwasha kila baada ya mda, usiipuuze. Presha inashuka mahali. Pitia viungo na karatasi kavu ya chooni, inaonyesha tone ambalo jicho halioni, na kama kote ni kavu angalia pale nje unapochomekea mpira wa maji ya mjini, valvu yake ya ndani huwa inarudisha. Kisha zima pampu, fungua koki moja kutoa presha, nenda palepale nje unapochomekea mpira, toa kile kichujio kidogo cha wavu na ubonyeze valvu katikati kwa kidole mpaka itoke pinki, maana kale kakipande ka bomba koki za ndani hazikafikii. Katriji ya chujio la maji ya kunywa itoe uitupe kabla hata hujaanza kusukuma dawa.