Waulize Wazee Wako Nyimbo Zao Mapema

Mama alianza kwa kusahau majina ya wajukuu, kisha akanisahau na mimi. Siku nyingine aliniita dada yake. Siku nyingine alinisemesha kwa adabu, kama mgeni aliyepita kumjulia hali.

Jioni moja nilikuwa nakunja nguo zake, redio ikapiga wimbo aliokuwa akiuimba nilipokuwa mdogo. Kwanza nikaona kidole chake kinagonga blanketi. Halafu midomo ikaanza. Ubeti wa pili aliuimba wote bila kukosea, mama yuleyule ambaye asubuhi lilimpotea neno "kijiko". Ulipokwisha akanitazama, akaniita kwa jina langu la utotoni. Nilitoka nje nikalia.

Tangu hapo nikaanza kusoma. Mara nyingi muziki hubaki hata pale Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, inapokuwa imeshakula mengine mengi. Clive Wearing, mwanamuziki wa Uingereza, aliugua ubongo mwaka 1985, akawa hawezi kushika jambo jipya hata kwa dakika moja, lakini mbele ya piano vidole vyake viliijua njia. Na mwaka 2009 mtafiti Petr Janata wa Marekani alionyesha kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndipo wimbo tunaoufahamu unapokutana na kumbukumbu za maisha yetu.

Kwa hiyo nakusihi, waulize wazee wako sasa, wangali wana majibu. Waulize hasa nyimbo za ujana wao, tangu walipokuwa na miaka kumi hivi hadi kwenye thelathini, maana hizo ndizo hushika kuliko zote. Andika jina la wimbo na kisa chake: aliusikia wapi, alikuwa na nani. Kisa ni muhimu sana. Mimi niliwahi kumpigia mama wimbo mtamu, akaanza kulia na kusukuma mkono wangu. Nikauzima. Baadaye mjomba akaniambia uliimbwa walipomzika kaka yao. Sijaupiga tena.

Zima televisheni, piga wimbo mmoja mmoja, sauti ya chini. Wala usimvalishe vipokea sauti masikioni ukaenda zako. Kaa naye, imba, hata kama sauti yako haina mpango. Nimejaribu njia zote mbili: peke yake husikiliza, tukiwa wawili hurudi.

Kuna wimbo mmoja huuimba kwa kuguna tu, midomo imefumba. Nimewagunia mama wadogo na wajomba wote, hakuna anayeujua. Basi nami namgunia hivyohivyo. Tukifika mahali fulani katikati hunibana mkono kwa nguvu, kisha tunaurudia tangu mwanzo.