Re: Mkono wa roboti unatokea mkubwa mno, umelala ubavu, na kiwiko kinazunguka hewani ndani ya Unity (programu ya kutengenezea michezo na uigaji wa 3D)
Ukubwa wa mara 1000 unatokana na vipimo: STL (faili ya umbo la 3D) haibebi kizio, wewe umechora kwa milimita, Unity inahesabu kwa mita. Weka skeli 0.001 unapotoa faili. Kulala ubavu ni kwa sababu mchoro wako una Z juu, Unity ina Y.

Kiwiko ndicho chenye kazi. Usitoe roboti nzima kama faili moja! Toa kila kipande peke yake, na sifuri yake (pale X, Y na Z zote ni 0) ikae katikati kabisa ya mhimili wa kiungo kinachokizungusha. Skrubu na nyuzi zake futa zote, zinakula bure pembetatu zinazounda umbo. Kwa kutambua vipande vinapogongana tumia umbo rahisi lisilo na mbonyeo, lisilozidi pembetatu 255.