Mwanangu, kuhusu hiyo nyumba ya mirathi

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza yote, unasema dalali kakuletea nyumba ya marehemu huku Chang'ombe ya Dodoma, bei iko chini kuliko za jirani, unauliza kununua mali ya mirathi ni fursa au ni kujitafutia kesi.

Fursa ipo, sikufichi. Tangu serikali ihamie huku ardhi ya Dodoma imepanda sana, na familia ni kibao mzee kafariki kaacha nyumba au pagale, watoto mmoja yuko Dar mwingine Mwanza mwingine Singida, hakuna anayetaka kuishi pale, kodi ya pango la ardhi inalimbikizana, mabati yanaoza, wanachotaka ni kuuza wagawane kila mtu aende zake. Hao ukiwafata na hela kamili na subira wanakupunguzia kweli. Ila usiende watu bado wako matangani, acha msiba uishe, watu wa huku wanakumbuka sana nani alikuja kuuliza bei marehemu hajamaliza hata arobaini.

Sasa baba, kabla ya bei uliza nani anauza. Mtoto mkubwa sio muuzaji, mjane peke yake sio muuzaji, baba mdogo ndo kabisa. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Wengi watakuonyesha muhtasari wa kikao cha ukoo una saini na muhuri wa mtaa, ule ni wa kumpendekeza tu, anaenda nao mahakamani pamoja na cheti cha kifo. We omba barua ya usimamizi, chukua namba ya shauri nenda mwenyewe kwa karani wa mahakama uulize kama shauri lipo na kama kuna mtu kaweka pingamizi, maana usimamizi unaweza kutenguliwa wakati wewe ushalipa.

Kingine ni hawa warithi. Kuna nyumba ukishuka kutoka soko la Majengo, ukutani wameandika kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, mtu kaja kapiga chokaa juu yake lakini herufi bado zinasomeka hata ukiwa kwenye bodaboda. Waliouza ni watoto wa mke mkubwa, wa mke mdogo hawakuitwa hata kikaoni, na aliyenunua mpaka leo kapanga Nkuhungu anahudhuria kesi. Inaniuma kila nikipita pale kwa sababu hela ile ilikuwa kiinua mgongo chake. Kwahiyo mjane umuone kwa macho, sio kwa simu, nyumba aliyochuma na mumewe ana haki yake humo kabla hata ya urithi, na watoto wote waulizie kwa majina, wa ndani na wa nje, kama kuna mdogo wa chini ya miaka 18 ujue fungu lake linatunzwa vipi. Wote wasaini kuridhia, mbele ya wakili.

Ardhi pia fanya upekuzi, yaani ofisi ya ardhi wakuangalizie hati iko kwa jina la nani, jina la msimamizi liingie kwanza kwenye hati ndo ahamishe kwako. Na huku kwetu nyumba nyingi za zamani hati zake ni za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, kabla haijavunjwa 2017, zile zilikuwa za miaka 33 tu, so angalia imebaki mingapi. Kodi na ada za uhamisho mkubaliane mapema nani analipa, na hela ipitie benki kwenye akaunti ya mirathi, isiende kwenye simu ya mtu.

Nitumie picha ya hati nione kitalu na namba ya kiwanja, Jumatatu napita kwa mwenyekiti wa mtaa anieleze huyo marehemu alikuwa na wake wangapi. Na huyo dalali akikuomba advansi mwambie mama kasema bado.

Mama yako